Kioo cha Kushoto

Jumapili ile Euphrasia aliamka jicho likimcheza. Lilikuwa la kushoto, ukope wa chini, na kwao Bukoba hata mtoto anajua kwamba ukope wa juu ukicheza utapata mgeni, wa chini ukicheza utalia. Akaupaka mate kama bibi yake alivyomfundisha, kisha akajicheka kwenye kioo cha bafuni. Mwanamke mzima wa miaka sitini na moja, miaka ishirini ya Amerika, bado unapaka jicho mate! Lakini alipomaliza kucheka, jicho liliendelea na kazi yake.

"Cheza, ukichoka utaacha," akaliambia.

Hakuwa na nafasi ya kulia siku hiyo. Mkobani mwake mlikuwa na barua iliyochapwa vizuri, ya kuwaambia wakubwa wa nyumba ya wazee alikofanya kazi kwamba ifikapo Desemba anastaafu. Kesho Jumatatu angeipeleka. Mwisho wa mwezi huo angerudisha funguo za chumba chake hapa Alexandria, na baada ya harusi ndogo parokiani, yeye na Gitau wangefunga safari kwa trela lao, nyumba nzima ya magurudumu yenye kitanda na jiko, wakaitazame hiyo Amerika waliyoisafisha miaka yote bila kuiona.

Simu ikalia. Alikuwa Benadetha, binti yake wa pekee, aliyekuwa akiishi College Park.

"Shikamoo mama. Ile barua umeshaipeleka?"

"Marahaba. Leo Jumapili, Bena. Nani anapokea barua Jumapili?"

"Okay. Kwa hiyo bado kuna muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kufikiri, mama. Please. Unaacha kazi, unaacha nyumba, unakwenda kuishi kwenye kibanda cha kuvutwa na gari, na mzee ambaye hata ndugu zake hatuwajui."

"Kibanda chenye friji na oveni! Nyumba niliyozaliwa mimi haikuwa na hata kimoja."

Benadetha hakucheka. Akashusha sauti, na Euphrasia, aliyemjua mwanawe, akakaa kitandani kabla neno halijafika.

"Mama, usinikasirikie. Mwanamume wa miaka sitini na minne, amefiwa na mke, hana mtoto hapa. Katika wanawake wote wa mji huu, anamchagua mwanamke ambaye kazi yake ni kuosha wazee na kuwapa dawa. Hujiulizi kwa nini? Anatafuta nesi wa bure. Siku akianguka, atakayemfuta ni wewe."

Neno hilo liliingia kama mwiba wa samaki, ule ambao hauoni ulipo ila kila ukimeza unaujua. Euphrasia alikuwa amewaosha wazee wa watu hadi mikono ikawa na harufu ya sabuni ya hospitali hata akiwa likizo. Kama kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka kwa miaka iliyobaki, kilikuwa mtu wa kumtazama yeye. Si kumwita, si kumgongea kengele. Kumtazama tu.

"Hujawahi kumwona anavyoniangalia," akasema.

"Mama..."

"Njoo leo saa tisa. Tunakwenda kufanya mazoezi ya trela pale kwenye maegesho ya chuo, Annandale. Njoo umwone kwa macho yako, halafu ukiwa na la kusema, useme mbele yake."

"Fine," Benadetha akasema. "Nitakuja."

Gitau alimpitia baada ya misa, pikapu yake mbele na trela nyuma. Trela lilikuwa jeupe lenye mstari wa kahawia ubavuni, la mwaka tisini na nne, na mapazia ya maua ambayo mwenye ladha angeyachoma moto. Euphrasia alilipenda hivyo hivyo.

"Panda, mama! Panda upande wako," Gitau akasema, akimfungulia mlango wa kulia.

Upande wako. Hilo ndilo lililomwangusha Euphrasia tangu mwanzo, na acheni niseme wazi, lingemwangusha mwanamke yeyote. Walikutana miaka miwili nyuma kwenye mchango wa msiba wa Mkenya mmoja. Gitau, aliyekuwa akisimamia maegesho ya hoteli moja mjini, aliinuka katikati ya watu, akavuta kiti, akakiweka kulia kwake, akasema, "Huyu mama akae hapa." Tangu siku hiyo, kanisani, mezani, njiani, Euphrasia alikuwa kulia. Wakitembea na yeye akajisahau akapita kushoto, Gitau alimzunguka taratibu hadi mambo yakakaa sawa. Mwanamume anayejua mahali pa kumweka mwanamke! Watu wa kanisani walikuwa na utani wao: Mkikuyu na Mhaya wakioana, mmoja atanunua na mwingine atatangaza. Euphrasia alitangaza kweli. Alitangaza upande wa kulia kwa kila aliyekuwa na masikio.

Wakashika njia. Gitau, aliyeendesha malori ya Nakuru hadi Malaba kabla ya kuja huku kuendesha teksi, alikuwa na mchezo wake.

"Kushoto kuko wazi, tanboi?"

"Sisi tunasema utingo. Kuko wazi, dereva."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Ndipo anahama njia. Euphrasia aliupenda mchezo huo pia. Lakini leo, karibu na taa za Annandale, Gitau alihama bila kuuliza, na honi ndefu ikalia upande wa kushoto, gari dogo jekundu likayumba, dereva wake akapita akitoa mkono dirishani na maneno ambayo hayatafsiriki siku ya Bwana.

"Watu wa huku hawajui kuendesha," Gitau akasema. Lakini aliukamata usukani kwa mikono miwili, na mpaka wanaingia chuoni hakutania tena.

Ukope wa Euphrasia ukacheza.

Maegesho yalikuwa matupu, makubwa kama uwanja wa mpira, majani ya manjano yakiburutwa na upepo kutoka mwisho hadi mwisho. Nguzo za taa zilisimama kila hatua hamsini, kila moja juu ya kitako cha zege kinachofika kiunoni. Hapakuwa na mtu. Gitau alishuka kukagua mnyororo na mpira wa chuma uliounganisha trela na pikapu, na Euphrasia akaingia ndani ya trela kupanga vyombo. Alikuwa na sufuria mbili, chai ya majani na chupa ya maji. Akafungua friji kuiweka chupa.

Friji haikuwa tupu. Nyuma kabisa kulikuwa na kopo la majani ya chai. Nani anaweka majani ya chai kwenye friji? Akalivuta, akalifungua.

Ndani mlikuwa na vichupa vitatu vidogo kuliko kidole gumba. Karatasi zenye jina zilikuwa zimebanduliwa. Viwili vilikuwa na vifuniko vya kijani kama bahari, kimoja cha njano. Euphrasia hakuhitaji karatasi. Kila siku jioni, kwa mwaka wa nne sasa, alikuwa akiinamisha kichwa cha Bi Dorothea wa chumba namba kumi na nne na kumdondoshea tone moja la dawa ya presha ya macho, ya kifuniko hiki cha kijani, jicho hili, halafu hili. Bi Dorothea alipoletwa alikuwa akisoma gazeti. Sasa alikuwa akimtambua Euphrasia kwa kumpapasa uso.

Akakaa kwenye kitanda, chini ya mapazia ya maua.

Mambo yakaanza kupangana yenyewe, bila yeye kuyaita. Bilauri ambazo kila mara zilianguka kushoto mwa Gitau. Bamba la kushoto la pikapu lililokunjwa, ambalo alisema limegongwa na mteja. Teksi aliyoiacha ghafla, eti amechoka. Mzee Peterson, Mmarekani aliyewauzia trela hili huko Manassas, ambaye alimtazama Gitau muda mrefu akisaini karatasi, kisha akamgeukia yeye na kumuuliza kama anajua kuendesha. Alipomjibu kwamba anaendesha kigari chake kidogo tu, yule mzee akamwambia, "Basi jifunze na hili." Alidhani ni ushauri wa kawaida. Wazungu wanapenda kushauri.

Na kiti cha kulia. Mungu wangu, na kile kiti cha kulia.

"Mama! Ukuje tuanze!" Gitau akaita nje.

Euphrasia akatia kichupa kimoja mkobani, kando ya barua. Akagundua kwamba jicho lake lilikuwa limetulia. Hilo lilimtisha kuliko lilipokuwa likicheza.

Nje, Gitau alikuwa ameshaingia kwenye pikapu, dirisha limeshushwa, uso wake mzuri wa masharubu yenye mvi umejaa furaha. Euphrasia alitamani kumuuliza pale pale. Lakini mwanamke anayependa hutafuta mlango wa mwisho wa kutokea, na yeye alikuwa ameuona: pengine dawa ni ya ndugu, pengine ni ya zamani, pengine ni kasoro ndogo tu ya jicho. Kwanza angempima. Mzee Peterson aliwafundisha kanuni moja kuu kuliko zote. Anayerudisha trela nyuma ategemee vioo vya pembeni. Anayemwongoza asimame pale anapouona uso wa dereva kiooni, kwani ukiuona uso wake naye anakuona. Ukiinua mkono, dereva asimame.

"Ninakwenda kusimama kule nyuma kushoto," akasema.

"Poa. Sasa wewe utapiga bodi ya trela na mkono na kunipigia kelele. Njoo, njoo, njoo! Mimi naendesha na masikio, kama zamani kule Malaba."

"Leo sipigi bodi. Nitainua mkono, kama alivyosema mzee Peterson."

Furaha ikapungua kidogo usoni mwa Gitau, kama mtu aliyesikia jina la anayemdai. "Wacha hizo ni za wazungu, mama."

"Leo tufanye za wazungu."

"Piga tu bodi."

"Gitau. Kwani kuna tatizo?"

Upepo ukapita kati yao. "Hapana," akasema. "Hakuna shida. Enda."

Euphrasia akaenda. Alisimama nyuma ya trela, hatua mbili nje ya ubavu wake wa kushoto, hadi akauona uso wa Gitau wote ndani ya kioo. Aliyaona macho yake yote mawili. Yalikuwa yanamtazama yeye, waziwazi, kama yalivyomtazama usiku wa mchango, na moyo wake ukafunguka. Unaona? Mjinga wee, unaona? Anakuona. Nyuma yake, hatua nne, kulikuwa na nguzo ya taa na zege lake.

"Tayari?" Gitau akapaza sauti.

Akatikisa kichwa kuitikia. 

Gitau akangoja. "Mama? Tayari?"

"Tayari," akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

Trela likaanza kurudi. Gitau alikuwa akikata kona, kwa hiyo sehemu ya nyuma ilikuwa ikimjia Euphrasia taratibu, na yeye akarudi hatua moja, mbili. Kisha akainua mkono juu kabisa, kiganja wazi.

Trela likaendelea.

Akainua na mkono wa pili. Kiooni, Gitau alitabasamu.

"Nakuona, mama!" akapaza sauti, kwa upendo wote alionao. "Nakuona vizuri! Nakuona!"

Euphrasia alipaswa kukimbia. Alikuwa na nafasi ya kukimbia, na hata leo hawezi kueleza kwa nini alibaki amesimama pale sekunde moja zaidi, mikono juu. Nadhani mimi najua. Alikuwa akimpa nafasi ya kumwona. Kisha akarudi tena nyuma, mgongo wake ukagusa zege, ubaridi ukapenya gauni lake la kitenge, na kona nyeupe ya trela ikaziba jua.

Akapiga bodi kwa viganja vyote viwili, akapiga kelele ambayo hakujua anayo.

Breki zikalia. Bamba la nyuma lilikuwa limegusa kitenge chake, limegusa tu, kama fundi anayepima nguo.

Akasikia injini ikizimwa, kisha mlango wa pikapu. Akasikia miguu ya Gitau ikikimbia, ikajikwaa. Alipochungulia alimwona akija kando ya trela huku mkono mmoja ukilipapasa ubavu, mkono wa mtu anayetafuta swichi kwenye chumba kigeni. Saa nane na nusu mchana, jua linawaka.

"Ngai! Umeumia? Sema kitu! Uko wapi?"

"Niko hapa," Euphrasia akasema. Alikuwa mbele yake, hatua moja na nusu. "Kushoto kwako, Gitau."

Akageuza kichwa chote, kisha mabega, hadi jicho la kulia likampata. Hapo Gitau akajua kwamba yeye anajua. Mikono yake ikashuka.

Euphrasia akatoka kwenye ule upenyo kwa ubavu. Akafungua mkoba, akaweka kichupa kwenye kiganja, akakipeleka pale jicho la kulia linapofika.

"Hii ni nini?"

"Dawa. Macho yanawasha, ile vumbi ya..."

"Usinidanganye mimi. Mwongopee mwingine. Nimewadondoshea watu dawa hii miaka na miaka, na nimewaona wote walikofikia."

Gitau akakaa kwenye ngazi ya trela, akainamisha kichwa.

"La kushoto liliisha ile mwaka niliacha teksi," akasema. "Liliisha tu. Halina maumivu, halina nini. Unaamka unaona mtu ameweka pazia."

"Na la kulia?"

"La kulia naona. Naona mbele. Ni kama kuchungulia kwa bomba. Nikikuangalia uso, naona uso, sioni mikono."

Sioni mikono. Euphrasia akashika zege.

"Daktari amesema nini?"

"Mwezi wa nane alisema niwache kuendesha."

"Na trela tumenunua lini?"

Gitau akalipapasa goti lake.

"Lini, Gitau?"

"Mwezi wa tisa." Akainua uso. "Leseni inaisha Machi, na ule mtihani wa macho siwezi kupita. Nikasema, nikipata tu hiyo miezi tatu baada ya harusi. Ile milima, ile bahari ya upande ule mwingine. Niione na wewe ukiwa hapo. Nikishaiona, hiyo ingine yote ifungwe, sitalia."

"Ukaona bora tufe wote barabarani."

"Wewe ulikuwa unaniambia kushoto kuko wazi. Ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya kazi!" Euphrasia akacheka kicheko kibaya. "Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chenyewe kitakuwa changu! Nilisimama pale nimeinua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi, na wewe unaniambia unaniona!"

"Nilijua ungekuwa hapo."

"Kujua si kuona!"

Sauti yake ilizunguka maegesho matupu, ikarudi. Akahema. Lililofuata lilikuwa dogo, na ndilo lililomuuma zaidi.

"Ile siku ya mchango. Uliponiweka kulia."

Gitau akafumba macho.

"Kumbe ni kwa sababu kushoto huoni."

"Ndiyo."

"Miaka miwili nimewaringia watu. Nikasema ni heshima, nikasema ni penzi. Kumbe nilikuwa nimewekwa kama miwani, pale panapofaa."

"Mama Bena, nisikize." Akasimama, akautafuta mkono wake, akaupata. "Mimi nilikuwa nimebaki na upande mmoja tu. Mmoja. Watu walikuwa wamejaa hiyo hall, na hiyo upande mmoja nikakupatia wewe. Sijui mapenzi ingine inakaa aje."

Euphrasia hakuuvuta mkono. Alitaka kuuvuta. Machozi yalikuwa yameshafika, ukope wa chini haukusema uongo, na aliyaacha yashuke.

"Bena anasema unatafuta nesi wa bure."

Gitau akashtuka kama aliyechapwa kofi. "Nesi? Nesi huambiwa ugonjwa, mama. Siku ya kwanza anaambiwa! Mimi nimeficha hii kitu miaka mbili, nimeweka dawa kwa mkebe wa majani kama mwizi, ndio usiwe nesi wangu. Ndio uwe bibi yangu."

Nani angejua lipi la kweli? Pengine yote mawili. Mtu anaweza kukupenda kwa moyo wake wote na bado akakuponda kwenye nguzo huku akikutabasamia, na hilo Euphrasia alikuwa ameshalijua kwa mgongo wake.

Gitau akatoa funguo za pikapu mfukoni, akazishika hewani, kidogo pembeni ya pale mkono wa Euphrasia ulipokuwa. "Chukua. Nitapigia Peterson arudishiwe hii trela. Na wewe... wewe fanya vile unaona." Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini Bena akikuja, usimwambie. Leo tu. Wacha nimwambie mwenyewe nikiwa tayari. Akijua hivi leo, atakuchukua aende na wewe, na wewe utaenda."

Euphrasia akazichukua funguo. Akatazama saa yake, kisha barabara ya kuingilia chuoni. Bado kidogo saa tisa.

"Ingia," akasema. "Upande wa abiria."

"Tunaenda wapi?"

"Kulisogeza hili dude kutoka kwenye nguzo. Bena asilikute hapa."

Hakuwahi kukaa nyuma ya usukani wa pikapu. Ilikuwa juu kama farasi. Gitau akamwelekeza kwa upole ule ule wa siku zote: taratibu, usikate sana, liache likufuate. Euphrasia alitazama kioo cha kushoto. Aliona kila kitu: ubavu mrefu mweupe, nguzo, alama mbili za viganja vyake kwenye vumbi la trela. Likaja. Tani mbili na ushee za nyumba yake ya uzeeni zikaja nyuma yake, zikitii, na kwa dakika moja alisikia raha ambayo aliionea aibu.

Akasimama katikati ya uwanja, akazima injini. Ndipo akatambua walivyokaa. Dereva hukaa kushoto. Alikuwa upande wa pazia. Gitau alikuwa akitazama mbele, na kwake yeye Euphrasia hakuwapo kabisa.

"Geuka," akamwambia.

Gitau akageuka, kichwa, mabega, kiwiliwili, magoti yote yakamwelekea, hadi jicho lake moja likampata, likatulia usoni pake.

"Ndiyo hivyo," akasema Euphrasia. "Sasa ukitaka kuniona, utakuwa unageuka."

Ndipo gari la Benadetha likakata kona kuingia maegeshoni kutoka kushoto. Euphrasia aliliona. Gitau alilisikia.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Gitau akajinyoosha, akapapasa tai yake, akatengeneza tabasamu kuelekea kioo cha mbele, ambapo hapakuwa na mtu. "Niambie amesimama wapi," akanong'ona haraka. "Niambie tu niangalie wapi, mama. Tafadhali."

Benadetha alikuwa ameshashuka. Alikuwa anakuja, mrefu, mkoba begani, uso umekazwa kwa yale aliyokuja kuyasema. Hatua kumi. Saba. Euphrasia aliona jinsi sentensi moja tu ingemaliza yote. Alikuwa nayo mdomoni. Kesho, akajiambia. Kesho atasema mwenyewe, nitamlazimisha.

"Dirishani kwangu," akasema bila kufungua meno. "Usawa wa bega langu."

Na Gitau akageuka. Akageuka mwili mzima, akalielekeza lile jicho juu ya bega la Euphrasia, barabara usoni pa binti yake.

"Karibu, mwanangu!" akasema. "Nakuona! Umependeza!"

"Shikamoo," Benadetha akasema, akapitisha mkono dirishani mbele ya mama yake.

"Marahaba, marahaba!"

Mkono ukabaki hewani. Gitau aliendelea kuutabasamia uso wa Benadetha, na mkono ulikuwa chini ya bomba lake la kuchungulia. Sekunde moja ikapita. Euphrasia akaunyakua mkono wa Gitau gotini, akaupeleka kwenye ule wa mwanawe, akacheka kwa nguvu.

"Salimianeni basi! Mnaogopana nini?"

Wakasalimiana. Benadetha akawatazama, mmoja hadi mwingine. Aliyaona machozi yasiyokauka mashavuni mwa mama yake. Aliona mzee mwenye mvi aliyejikunja kwenye kiti, mgongo kwa dunia yote, akiwa amerudisha macho yake kwa Euphrasia na kuyaacha hapo. Uso wake uliokazwa ukaanza kulegea, kidogo kidogo, na Euphrasia akatamani usilegee.

"Umelia, mama?"

"Furaha tu. Nimeendesha mwenyewe."

Benadetha akainamisha kichwa hadi dirishani, akamnong'oneza sikioni, sauti yake imevunjika.

"Nisamehe yale ya asubuhi. Nimemwona. Sijawahi kuona mtu anamwangalia mtu hivyo, mama, mwili mzima." Akambusu shavuni. "Kesho peleka barua."

Euphrasia alijaribu kutabasamu. Akashika usukani kwa mikono miwili, na ukope wa chini wa jicho la kushoto ukaanza tena kucheza.